Dole la Kuluthum

Sehemu ya Tisa

"Mama, hili dole ni lako au si lako?"

Jumamosi iliyopita tulimwacha Kuluthum na swali hilo, amesimama kizimbani katika korti ya Nakuru, mkono wa kulia ameuficha ndani ya leso. Wakili wa upande wa pili, mzungu aliyeletwa kutoka Nairobi, alikuwa amemwinulia karatasi ambayo hakuna mtu wa upande wake aliyewahi kuiona. Chini ya maandishi palikuwa na alama ya dole gumba, rangi ya zambarau, imekaa vizuri kama muhuri wa posta.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, mambo ni haya. Kuluthum ni mpishi wa vitumbua wa Bondeni, na makarani wa reli walikuwa wakisema siku isiyo na kitumbua chake haihesabiki kuwa siku. Mwezi wa Ramadhani uliopita, mwaka huu wa 1958, alinunua mafuta ya taa katika duka la Ishak karibu na soko. Alasiri akajaza stovu yake ya pampu ili apike vitumbua vya futari. Alipowasha kiberiti, stovu ilipasuka. Mkono wake wa kulia uliungua hadi kwenye kiwiko, na sasa vidole vimepona vimekunjamana, havishiki hata kijiti cha kugeuzia. Kuluthum anasema mafuta yale yalikuwa na petroli. Ishak anasema mafuta yake ni safi, ila mama huyo hajui kutumia stovu.

Haya, turudi kizimbani.

Mkalimani alilirudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mkono ulioungua huziba masikio. "Unaulizwa, hili dole ni lako?"

Kuluthum aliinua macho. Katika benchi la nyuma mdogo wake, Khadijo, alikuwa akitikisa kichwa polepole. Maana yake haikuhitaji mkalimani: kataa.

Na kukataa kungekuwa rahisi. Nani angembishia? Mtaalamu wa kusoma madole angetakiwa aletwe kutoka Nairobi, na kesi ingesimama miezi. Kuluthum aliinama akaitazama ile alama vizuri. Katikati yake ulipita mstari mwembamba mweupe, umekata dole kwa mshazari. Alipokuwa na miaka tisa, kisu cha kupasulia nazi kilimteleza. Mstari ule alikuwa akiuona kila siku ya maisha yake.

"Ni langu," akasema.

Kalamu ya wakili wake ilianguka chini. Wakili huyo, Bwana Lobo, alikuwa Mgoa mfupi aliyezaliwa papa hapa Nakuru, na aliposikia jibu lile alifumba macho kama mtu anayeumwa na jino bovu.

Wakili wa Nairobi alitabasamu. Akasoma karatasi taratibu, na mkalimani akaigeuza kwa Kiswahili.

"Mimi Kuluthum, nikiwa na akili zangu timamu, nimesomewa maneno haya leo Jumanne, tarehe nane Aprili, ndani ya duka la Bwana Ishak, nikayaelewa. Nakubali kwamba niliongeza mafuta huku stovu ikiwaka. Nimepokea unga na sukari kwa hisani yake. Sina dai lolote juu yake, sasa wala baadaye."

Watu kwenye mabenchi walinong'onezana. Unga na sukari, kwa mkono mzima.

"Maneno hayo siyajui," Kuluthum akasema.

"Lakini dole umekubali ni lako."

"Dole ni langu. Maneno si yangu."

"Dole na maneno viko kwenye karatasi moja, mama."

"Hata nzi na mchuzi hukutwa kwenye bakuli moja, bwana. Mpishi hakuviweka pamoja."

Hakimu, mzungu mzee aliyekuwa na mafua tangu asubuhi, aliuliza kilichosemwa. Alipotafsiriwa, alipenga kamasi, ikawa vigumu kujua kama amecheka. Akatazama saa. "Tutarudi saa nane," akasema, na watu wakainuka.

Ishak alitoka wa kwanza, akipeana mikono na watu mlangoni kama bwana arusi.

*

Kwenye ngazi za korti Bwana Lobo alikuwa akizunguka duara dogo, mikono mgongoni.

"Mama Kuluthum, mimi nilikuuliza mara tatu ofisini kwangu. Uliweka sahihi kwenye karatasi yoyote ya Ishak? Ukasema hapana."

"Na sikuweka."

"Na lile dole je?"

"Lile nililiweka kwenye karatasi ya hospitali."

Bwana Lobo alisimama. "Nani alikuambia ni ya hospitali?"

"Aliyeileta. Alivaa koti jeupe. Alikuja kitandani, akasema mama, weka dole hapa, ni la dawa. Nikaweka. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kama mtoto mchanga, basi akashika huu wa kushoto. Macho yangu yalikuwa mazito siku hiyo. Angeniambia ni karatasi ya kumuuza Khadijo, ningeweka."

Khadijo hakucheka. "Dada, ungesema si lako. Neno moja tu. Sasa tumekwisha."

"Ningesema si langu," Kuluthum akamjibu, "halafu wakaniuliza habari ya stovu. Wangeniamini kwa lipi?"

"Wangeamini ule mkono."

"Mkono hausemi nani aliuchoma. Mimi ndiye nasema. Nikiwa mwongo wa dole, nitakuwa mwongo wa mafuta."

Bwana Lobo hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa ameinamia nakala ya ile karatasi aliyopewa na karani wa korti, kidole kimekwama kwenye mstari wa kwanza.

"Mama, ulilazwa lini?"

"Jumamosi. Kesho yake Wakristo walikuwa na Pasaka yao, wakatuimbia wodini."

"Na ulitoka lini?"

"Idi ilinikuta humo humo. Nilitoka mwezi ukikaribia kwisha."

"Basi Jumanne tarehe nane ulikuwa wapi?"

"Kitandani, bwana. Nilikuwa hata kukaa siwezi."

"Sasa ni nani," Bwana Lobo akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi meno yake yalionekana, "ni nani aliyesimama ndani ya duka la Ishak Jumanne hiyo, akasomewa, akaelewa, akapokea unga na sukari?"

Dada hao wawili walitazamana.

"Nahitaji mtu wa hospitali," Bwana Lobo akasema. "Mtu aliyekuona siku hiyo kwa macho yake."

Kuluthum hakufikiri hata kidogo. "Kipkemei. Dresa. Ndiye aliyekuwa akinifunga kidonda, asubuhi na jioni."

Bwana Lobo aliandika barua ya haraka juu ya goti lake. Khadijo akaichukua, akavua viatu, akavishika mkononi, akaenda mbio. Msomaji, kutoka kortini mpaka hospitali si karibu, na jua la saa saba halina huruma. Kuluthum alibaki kwenye ngazi, hana hamu ya chakula. Aliufungua mkono wake kutoka kwenye leso, akajaribu kunyoosha kidole cha shahada. Kilinyooka nusu, kikakataa. Akaufunika tena.

*

Saa nane hakimu aliketi. Khadijo hakuwa amerudi.

Saa nane na robo Bwana Lobo alikuwa bado akimuuliza Kuluthum maswali ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu. Stovu ilikuwa ya rangi gani? Ya shaba. Aliinunua mwaka gani? Mwaka wa kutawazwa kwa Malkia. Aliitumia miaka mitano bila kuungua? Bila kuungua hata unywele. Na kiberiti alikiwasha kwa mkono gani?

"Bwana Lobo," hakimu akasema, "tunakwenda wapi?"

"Tunakaribia kufika, mheshimiwa."

Mlango ukafunguliwa. Khadijo aliingia akihema, viatu bado mkononi, na nyuma yake mtu mrefu mwembamba, Mkipsigis wa kuelekea Kericho, amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Kwapani alibana kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Mkononi alikuwa na barua ya daktari ya kumruhusu kukitoa.

"Tumefika, mheshimiwa," Bwana Lobo akasema.

Kipkemei aliapa, akakishika kitabu chake kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kitaibiwa.

"Kazi yako ni nini?"

"Mimi ni dresa. Mtu akiungua ama akikatwa na panga, mimi nafunga. Miaka kumi na moja sasa."

"Unamjua huyu mama?"

"Namjua sana. Alikaa kwetu wiki tatu. Alikuwa anasema uji yetu ni ya kubandika barua."

Hakimu alipenga kamasi tena.

"Fungua kitabu, tarehe nane Aprili. Soma."

Kipkemei alilamba kidole, akafungua. "Jumanne, tarehe nane. Kitanda namba kumi na nne, Kuluthum. Saa tatu asubuhi, kidonda imeoshwa, ikafungwa. Mgonjwa alilia sana. Daktari akaandika sindano ya maumivu. Saa tatu na nusu, sindano imedungwa. Mgonjwa amelala. Saa kumi, mgonjwa bado ana usingizi, amekunywa maji kidogo."

"Alitoka wodini siku hiyo, hata kidogo?"

"Atoke aende wapi? Hata choo tulikuwa tunamletea pale pale."

"Alikwenda dukani kwa Bwana Ishak?"

"Labda duka ilikuja kwake."

Watu walicheka, na askari wa mlangoni akawakanya. Lakini wakili wa Nairobi alikuwa amekwisha kusimama. Hakuletwa kutoka mbali kwa sababu ya sura yake.

"Dresa, wagonjwa mnapokea wangapi kwa mwezi?"

"Wengi. Mia mbili, mia tatu."

"Na wewe unakumbuka huyu mmoja, siku moja, miezi karibu mitatu iliyopita? Au unasoma tu kilichoandikwa na mwingine?"

"Imeandikwa na mimi. Na ile siku naikumbuka kwa sababu ya kidole."

Kuluthum mwenyewe alishtuka, kwa maana hili hakulijua.

"Kidole gani?"

"Hii kubwa ya mkono wa kushoto. Tunapaka watu dawa ya zambarau kwa kidonda. Jioni nilikuja kumwosha, nikaona kidole kubwa ya mkono mzima iko na zambarau. Nikashangaa. Nikauliza wenzangu, nani amepaka dawa mahali hakuna kidonda? Kila mtu akakataa. Nikaosha na spiriti. Dawa yetu inatoka na spiriti, lakini hii ilikataa. Hiyo ilikuwa wino. Mpaka akaenda nyumbani ilikuwa imebaki kidogo kwa kucha."

Wakili wa Nairobi aliona upenyo, akaurukia. "Kwa hiyo unakubali alipiga dole siku hiyo."

"Nakubali kabisa. Alipiga akiwa amelala."

Msomaji, kuna majibu ambayo wakili hulipa ada ya shule miaka mingi ili ajifunze kutoyaomba. Yule bwana alikaa chini.

Kuluthum alitazama dole lake. Alikumbuka kulisugua kwa chumvi na ndimu alipofika nyumbani, akidhani ni dawa iliyogoma kutoka. Hasira aliyokuwa nayo kwa stovu, na kwa mafuta, haikuwa kitu mbele ya hii iliyompanda sasa. Mtu alimkuta amelemewa na sindano ya usingizi, akamshika mkono wake mzima, ule uliobaki, akautumia.

*

Ishak alipanda kizimbani saa tisa. Aliapa kwa Msahafu, akajipangusa uso kwa kitambaa cheupe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na Bondeni nzima ilimjua kwa kutoa sadaka hadharani. Kuluthum alikuwa mteja wake miaka mingi. Alipofiwa na mume, Ishak alituma gunia la mchele. Jambo hilo ndilo lililomuuma Kuluthum kuliko yote, kwamba hakuwa akishindana na mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa akishindana na mtu aliyeogopa.

"Bwana Ishak," Bwana Lobo akaanza, "karatasi inasema alisomewa dukani kwako. Ni kweli?"

"Labda karani wangu alikosea mahali."

"Na tarehe?"

"Tarehe ni ile."

"Tarehe nane alikuwa na usingizi wa sindano tangu saa tatu na nusu mpaka jioni. Karani wako alimsomea saa ngapi?"

"Sijui. Labda tarehe pia ilikosewa."

"Karani wako huvaa nini kazini?"

"Koti."

"Rangi gani?"

"Makarani wangu wote huvaa makoti meupe. Tunauza unga."

"Unga na sukari alivipokea nani?"

"Vilikuwa vimetengwa. Hakuja kuvichukua."

Bwana Lobo aliinua karatasi juu ili mabenchi yote yaione. "Mahali si kweli. Tarehe huna hakika nayo. Kusomewa, hujui. Unga haukutoka dukani. Niambie basi, ndani ya karatasi hii kitu gani ni cha kweli?"

Ishak alitafuta jibu kwenye dari. "Dole," akasema mwishowe.

Safari hii hata askari alicheka.

Hakimu aligonga meza, akaandika kwa muda mrefu, kisha akazungumza polepole ili mkalimani asiachwe nyuma. Mtu hafungwi na maneno ambayo hakusomewa, akasema, wala dole la mtu aliyelala si ridhaa yake. Karatasi ile aliiweka kando. Asingeitumia, wala asingependa kuiona tena.

Khadijo aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kuluthum alishika ukingo wa benchi. Lakini Bwana Lobo hakugeuka kuwatazama. Alijua alichoshinda ni karatasi tu. Mafuta yalikuwa bado.

"Tuache karatasi," akasema. "Bwana Ishak, mama huyu alikuomba nini siku ile dukani?"

"Mafuta ya taa."

"Sheria ya kuuza na kununua haimtaki mpishi awe mkemia. Akiomba mafuta ya taa, apewe mafuta ya taa, hata kama yamefanana na kitu kingine kwa rangi. Wewe ulimpa nini?"

"Mafuta ya taa."

"Yalitoka kwenye pipa gani?"

"Pipa la kawaida."

"Pipa hilo lilikuwa limebeba nini kabla?"

Ishak alijipangusa uso. "Mapipa hununuliwa yamekwisha kuoshwa."

"Nani aliliosha?"

"Sikuwapo."

"Mafuta yaliyobaki yako wapi, ili korti iyapime?"

"Hayapo," Ishak akasema. "Baada ya ajali nilisikitika, nikaamuru yamwagwe."

"Yote?"

"Yote. Hakuna hata tone."

"Umeapa kwa Msahafu, Bwana Ishak."

"Naam. Yote yalimwagwa."

"Si kweli."

Neno hilo halikutoka kwa Bwana Lobo, wala halikutoka kwa Kuluthum. Lilitoka benchi la pili, upande wa Ishak. Mwanamke wa makamo, amevaa buibui, alikuwa amesimama, mikono imeshikana mbele yake. Kuluthum alimtambua mara moja. Ni Safiyo, mke wa Ishak, ambaye kwa miaka mingi yeye na Kuluthum walikuwa wakipeana sahani za futari juu ya ukuta.

"Kaa chini," Ishak akasema kwa sauti ya chini.

Safiyo hakukaa. Hakimu aliuliza mama huyu ni nani. Alipoambiwa, aliweka kalamu chini. "Kama ana la kusema, aapishwe," akasema.

Wakili wa Nairobi alipinga. Hakimu alimsikiliza, naye akampinga, na Safiyo akaletwa mbele. Alipita karibu na Kuluthum bila kumtazama.

"Pipa lile lilikuwa la petroli ya malori," akasema baada ya kuapa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Lilikuwa na petroli chini, si kidogo. Mume wangu hakujua siku aliyouza. Hilo ni haki yake nimsemee. Alijua kesho yake, alipolitia kijiti akanusa. Alishikwa na hofu. Akafungia mafuta stoo, ndani ya madebe, akasema tusiseme neno."

"Mbona umenyamaza muda wote huu?" hakimu akauliza.

"Ni mume wangu, bwana. Na asubuhi nilikuja hapa nikiwa bado nanyamaza." Sasa ndipo alipomgeukia Kuluthum. "Lakini nilimsikia huyu akiulizwa habari ya dole. Angekana, angepona, na mimi ningerudi nyumbani nikalala vizuri, nikasema sote ni waongo. Akasema ni langu. Tangu hapo nimekaa kwenye lile benchi kama nimekalia makaa."

Kuluthum alimwitikia kwa kichwa.

"Na hayo madebe," Bwana Lobo akauliza kwa upole, "bado yako stoo?"

Safiyo alimtazama mumewe. Ishak alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

"Yalikuwako mpaka leo adhuhuri," akasema. "Tulipotoka kula, aliona kesi imekwisha. Alisema stoo isiachwe na ushahidi, na mafuta ni mali, hayamwagwi. Akampa dereva madebe kumi. Lori limeondoka saa nane kwenda Rongai."

"Rongai kwa nani?"

"Kwa shule moja ya bweni ya wasichana. Waliagiza mafuta ya taa zao. Wasichana sabini."

Kuluthum aliisikia tena ile sauti ya stovu, ule mshindo mfupi kama mtu anayepasua kitambaa kipya, halafu ukimya, halafu mkono wake mwenyewe ukiwa na mwanga.

"Taa huwashwa saa ngapi?" Ni yeye aliyeuliza. Hakuomba ruhusa.

"Saa kumi na mbili kasorobo," Safiyo akajibu. "Kabla ya masomo ya jioni."

Hakimu alikuwa amekwisha kusimama. Alimwamuru karani wa korti akapige simu Rongai, polisi, stesheni, popote patakapoitika. Karani alitoka mbio. Watu wote walibaki wakiitazama saa ya ukutani, ambayo ilisema saa kumi na dakika tano, na ikaendelea kusema hivyo mpaka Kuluthum akadhani imesimama.

Karani alirudi uso umempauka. "Laini ya Rongai imekatika, mheshimiwa. Mvua ya juzi iliangusha nguzo. Wanasema kesho."

Bwana Lobo alikuwa ana gari moja tu duniani, Morris ndogo ya kijani ambayo Nakuru yote iliijua kwa kikohozi chake. Alichomoa ufunguo mfukoni. "Nani anaijua hiyo shule?"

"Mimi," Safiyo akasema.

"Barabara ni matope mpaka magotini," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Gari hiyo haitafika."

Kuluthum hakungoja kusikia zaidi; alitoka nje mpaka ilipoegeshwa Morris. Alifungua mlango wa mbele kwa mkono wake wa kushoto, akaingia. Safiyo akaingia nyuma. Kipkemei, ambaye kwa haki alipaswa kurudi wodini, alitazama kitabu chake, akamkabidhi Khadijo, akabanana kando ya Safiyo magoti yakigusa kidevu. Hakuna aliyemuuliza dresa anakwenda kufanya nini huko, na yeye hakusema.

Morris ilikohoa mara mbili, ikawaka ya tatu.

Kwenye njia ya Rongai mawingu yalikuwa yameshuka chini mno, na giza lilikuwa likija mapema kuliko siku nyingine. Lori la Ishak lilikuwa limekwisha kufika na kupakuliwa. Na kwa sababu ya wingu hilo mwalimu wa zamu aliamua kutongoja mpaka saa kumi na mbili kasorobo. Wasichana wawili walikuwa tayari wametoa taa zote barazani, wamezipanga mstari mmoja, na wanazifungua vifuniko ili zijazwe.